Mate

Ijumaa kiti cha saba kilikaa kitupu.
Mashine niliiwasha, nikaisuuza, nikaizima.
Daftarini mna safu ya sababu,
na mimi, Yasna, mkono uliozoea miaka kumi na tisa,
niliandika bila kufikiri:
mgonjwa hafuati masharti.

Jumatatu akaja, akijivuta kwa kamba ya barabarani.
Punta Arenas, upepo ukikasirika, njia hufungwa kamba,
watu wazima wazishike kama watoto wanaojifunza kusimama.
Akapanda mizani na buti zake za zizini.
Kilo nne na nusu juu.
Vifundo vimevimba, pumzi inakatikia kifuani.

"Don Eleuterio, lita moja kwa siku. Tulikubaliana."

"Mlikubaliana," akasema.

Nikamchoma sindano mbili
katika mkono uliowahi kunyoa kondoo mia na arobaini kwa siku,
ukipita juu ya ngozi bila kuikwaruza.
Sasa ndani yake mshipa unavuma
kama nyuki waliofungiwa chupani.
Hakukunja uso.
Maumivu hayajawahi kuwa ndiyo shida yake.

Tulikwisha kumhubiri.
Daktari alimchorea moyo unaoelea ndani ya ndoo.
Bibi wa lishe alimpa picha ya ndizi
iliyopigwa msalaba mwekundu.
Mimi, nakiri, nilimtisha kwa jina la Vukasović,
yule wa kiti cha tatu, aliyeziruka Ijumaa zake
mpaka Ijumaa moja ikamruka yeye.
Alitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.
Mtu aliyefungwa mirija hasemi hapana.
Hungoja kufika kwake.

Kiti usichokikalia hujui kunguni wake.
Saa ya tatu, wote wakiwa wamelala na baridi ya damu iliyotoka nje ikarudi,
nilivuta stuli nikakaa karibu naye.
Si kwa wema. Mgongo uliniuma.

"Unakunywa nini, na saa ngapi?"

"Mate."

Mate ya kwetu si yale yanayokauka ulimini ukinyimwa maji.
Ni majani machungu ndani ya kibuyu,
maji ya moto juu yake, mrija wa chuma,
kibuyu kikizunguka, mkono hadi mkono.

"Hortensia ndiye aliyemimina. Yeye zamu, mimi zamu.
Tangu Machi namimina mwenyewe.
Nanywa yangu. Halafu kibuyu kinafika upande wake wa meza,
na siwezi kukiacha kipoe."

Nikapiga hesabu kwa vidole chini ya aproni.
Ikatoka barabara.
Miezi mitatu tulikuwa tunamkamua mzee huyu
maji ya marehemu.

"Na Ijumaa?"

Akafumba macho. Mashine ikalia, nikainuka kuizima.
Sikuuliza tena.

Ximena, mwanasaikolojia wetu wa Alhamisi,
hakusema mzee asahau, wala apewe kidonge.
Aliuliza tu: "Zamu ya pili nani anaweza kuishika?"
Chumba kikanyamaza. Mhudumu wa usafi akanitazama mimi.

Basi sasa, kabla ya sindano, kwenye benchi la korido,
anatoa kibuyu kidogo, kama yai la bata.
Cha kwanza chake.
Cha pili ananipa, ananikodolea macho.
Uchungu wake unashika mpaka masikioni.
Nyumbani, ameniambia, upande ule wa meza
ameweka redio.

Jumatano: kilo mbili na nukta nane.
Ijumaa ya pili ya Juni hakuja.
Nilimpigia. "Upepo," akasema. Nje kulikuwa kumetulia
hata moshi ulisimama wima juu ya mabati.
"Sawa," nikasema, "upepo. Kesho saa moja nakuwekea kiti."
Daftarini safu ya sababu niliiacha wazi.

Alikuja saa moja kasorobo.

Kwetu, ukirudisha kibuyu ukasema asante,
umetosheka, humiminiwi tena.
Ninakinyonya mpaka kikorome,
ninamrudishia,
ninanyamaza.